Binti Yangu kwenye Machela

Aliporudi kutoka kambini, binti yangu hakuomba chakula. Aliomba sufuria mbili na mwiko.

Pua ilikuwa imeungua jua, buti zimejaa vumbi jeupe la mawe ya chokaa, na begi lake bado liko mlangoni. Akakaa sakafuni jikoni, akaweka sufuria moja huku na nyingine kule, akalaza mwiko katikati. Mwiko haukufika.

"Unaona, Mama? Ubao ni mfupi. Penye rangi nyekundu hapakanyagwi. Mko wanane, mna dakika 15, na mmoja wenu ni majeruhi, lazima abebwe. Mnavukaje?"

Nilikuwa nachambua maharage. Nikashuka na sinia langu, nikakaa naye palepale sakafuni. Aliyonieleza jioni ile ndiyo yaliyonifanya niandike, maana wazazi wenzangu huku wameniuliza sana: huyo mtoto umempeleka jeshini?

Nianze na hilo. Binti yangu ana miaka 16 na ni kadeti wa JROTC, mafunzo ya ukadeti yanayofundishwa kama somo katika shule nyingi za sekondari za Marekani. Si jambo la jana. Yalianzishwa na sheria ya ulinzi ya 1916, iliyotiwa saini na Rais Woodrow Wilson mwezi Juni mwaka huo, wakati Ulaya inaungua kwa vita. Sheria nyingine ya 1964 iliyapanua, matawi mengine ya jeshi yakaanza kuwa na makadeti wao mashuleni, na wasichana wakaja kuhesabiwa rasmi miaka ya 1970. Leo kuna vikosi zaidi ya 3,000 nchi nzima. Walimu ni maofisa na masajini, wengi wao wastaafu, wanaoingia darasani na sare zao kama wengine wanavyoingia na tai. Makadeti wa jeshi la nchi kavu wana tamko lao wanalolikariri, na mimi nililisoma mstari kwa mstari kabla sijakubali chochote. Kadeti anaahidi kuenenda kwa namna itakayoiletea sifa familia yake, kisha nchi, kisha shule, kisha kikosi. Familia imetangulia. Nililipenda hilo.

Kiangazi, shule zikishafungwa, vikosi vya shule mbalimbali hukusanywa kwa kambi ya kama wiki moja ya uongozi na ujasiri. Kwa kifupi huitwa JCLC. Hapa kwetu San Antonio, Texas, binti yangu alipelekwa Camp Bullis, eneo la mazoezi la jeshi lililopo kaskazini magharibi ya mji tangu 1917. Ni vilima vya mawe, mialoni mifupi, mireteni, na nyoka wa mkia wa njuga ambao watoto hufundishwa kuwasikiliza kabla ya kuwaona.

Fomu ya ruhusa ilikaa mezani kwangu siku nne.

Siku ya pili alikuja jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka upande wa Uvira. Tunaitana dada. Aliiona fomu, akaona picha ya watoto waliovaa kombati, akaisukuma mbali na kikombe chake cha chai kama vile ingekimwaga. "Dada," akasema, "miye nikiona mutoto amevaa tenue, moyo yangu inatoka." Kisha akanisimulia habari za makadogo. Vita vya 1996 na 1997, vilivyomwondoa Mobutu na kumweka Laurent-Désiré Kabila, vilipiganwa pia na watoto, na watu wa kwao wakawaita kadogo kwa sababu ndivyo walivyokuwa, wadogo. Alikuwa na binamu aliyechukuliwa. Alinionyesha kwa mkono urefu wake, kiganja kikisimama usawa wa meza yangu. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi.

Siwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba kombati ni nguo tu. Na zipo sababu nyingine za mzazi kusita. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi wake kuhusu JROTC: kwa miaka mitano, walimu wasiopungua 33 walikuwa wameshtakiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya wanafunzi. Baadaye mwaka huohuo gazeti likaonyesha shule ambazo wanafunzi waliandikishwa kwenye somo hilo bila kuchagua, nyingi zikiwa za watoto wa familia za kipato cha chini. Mzazi asiyesoma habari za namna hiyo anamweka mtoto wake rehani.

Basi nikaenda shuleni kumwona mwalimu wao, sajini mstaafu, mama mwenye nywele nyeupe. Nilikuwa na maswali matatu niliyoyaandika kwenye bahasha. Je, binti yangu atakuwa na deni lolote kwa jeshi? Je, usiku nani analala kwenye hanga la wasichana? Je, akitaka kuondoka katikati ya wiki, itakuwaje? La kwanza alilijibu kwa neno moja: hapana, kadeti hawajibiki kujiunga na jeshi, wala leo wala akimaliza shule. Alikiri mwenyewe kwamba anayetaka kujiunga baadaye anaweza kuanza na cheo cha juu kidogo, na kwamba jeshi linafurahi wakijiunga. Nilimheshimu kwa kutonificha hilo. La pili: walezi wa kike wawili au zaidi, na hakuna mtu mzima anayekaa faragha na mtoto mmoja. La tatu: anapiga simu, tunakuja kumchukua, hakuna atakayemcheka.

Nikatia saini. Ila niseme wazi kwamba sikutia saini kwa majibu yake peke yake. Nilitia kwa sababu na mimi nilipita.

Mimi ni wa yale makundi ya mwisho mwisho ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la kwetu Tanzania, kwa mujibu wa sheria, kabla utaratibu haujasimamishwa 1994. (Ulirudi 2013, na wadogo zangu wa ukoo wamepita.) Kizazi chetu hatukuulizwa kama tunataka. Waliotutangulia waliwahi kukataa: Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kuupinga mpango huo na masharti ya mishahara yake, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao kwa mamia, na siku ileile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisi tulikwenda. Ukimaliza kidato cha sita unabeba sanduku, unakuwa kuruta, na kila mtu mwenye utepe mmoja begani ni afande. Mchakamchaka kabla ya alfajiri, kwata, shamba, bwalo, kwata tena. Niliondoka pale nikiwa najua kuamka, kuvumilia, na kukaa chumba kimoja na msichana wa Kigoma na wa Mtwara tukagawana sabuni. Hadi leo nayashukuru hayo. Tulifundishwa kufuata amri, tukafuata vizuri sana. Kuongoza kulikuwa kwa wengine.

Nilidhani binti yangu anakwenda kuyapata yaleyale, kwa lugha nyingine.

Siku zenyewe zilianza nilivyotarajia. Kuamka saa kumi na moja, kutandika kitanda kikanyooka, mazoezi, foleni ya chakula. Simu zilikusanywa siku ya kwanza, na aliniambia kwamba usiku ule hanga zima halikulala kwa kukosa cha kushika mkononi. Usiku wa pili walianza kuongea. Walipangwa kwa kombania na platuni, na kwa makusudi watoto wa shule moja walitawanywa, kila mmoja akajikuta na watu asiowajua.

Kilichonishangaza kwanza ni bendera. Juni ya Texas ni joto la kuua mtu, si msemo, na jeshi lina kipimo chake kinachojumlisha joto la hewa, unyevu na ukali wa jua. Kipimo kikipanda, bendera hubadilishwa mlingotini: kijani, njano, nyekundu, na mwisho nyeusi. Bendera nyeusi ikipanda, mtu wa kazi nzito anafanya dakika 10 na kupumzika 50. Na maji hayanywewi ovyo pia, maana kuyazidisha kunadhuru kama kuyakosa. Kikomo ni kama lita moja na nusu kwa saa. Binti yangu alipewa zamu ya kuitazama bendera siku ya Jumanne. Alipoona nyeusi inapanda, ilimpasa kwenda mbele ya platuni nzima, mbele ya wavulana waliokuwa wamebakiza kikwazo kimoja cha kumaliza njia yao ya vikwazo, akawaambia wasimame. Walimlalamikia. Sajini alisimama pembeni kimya, akamwacha binti yangu asimamie neno lake mwenyewe.

Mambo ya dira na ramani aliyapita haraka katika kusimulia, nami nitayapita. Anajua sasa kwamba hatua zake mia moja si mita mia moja, na kwamba kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita moja ni nusu kilomita ya mawe na miiba.

Mnara alinieleza kwa mikono. Walivishwa kamba viunoni na mapajani, ikafungwa mafundo ambayo kila mtu alikaguliwa mara mbili, kisha pete ya chuma yenye kufuli ikaunganishwa na kamba kuu. Unasimama ukingoni ukiwa umeupa mnara uso na ardhi mgongo, unalala nyuma mpaka miguu iko bapa ukutani, ndipo unashuka. Akili yote inakataa. Chini kuna mtu mwingine ameshika mwisho wa kamba, na huyo ndiye breki yako: ukiteleza, anaivuta ikakaza, unaning'inia papo hapo. Kwa hiyo kabla ya kushuka unampigia kelele, naye lazima akuitikie, na bila kuitikiwa hushuki. Binti yangu alipita vizuri. Alichokuwa hakipendi ni kusimama chini. "Kule juu nafanya mwenyewe," alisema. "Chini namngojea mtu."

Nilipaswa kulisikia hilo wakati uleule. Nililisikia baadaye, tulipofika kwenye sufuria na mwiko.

Kambi hizi zina uwanja wa majaribio ya uongozi. Ni vyumba vya wazi, kila kimoja kina tatizo lake: shimo, ukuta, au "mto" wenye nguzo. Unapewa mbao ambazo peke yake hazitoshi, pengine pipa, pengine kamba. Kila chumba kina kiongozi wake, na kikwazo kinachofuata kinampata mwingine, hadi kila mtu aguswe na zamu. Mkufunzi anatazama na kuandika. Hasaidii.

Zamu ya binti yangu ilikuwa kikwazo cha pili. Aliposomewa masharti alikuwa ameshaona la kufanya, akalitangaza, akashika ubao mwenyewe. Wewe huku, wewe kule, mpe huyu, ngoja. Alikwenda wa kwanza. Ubao ulipopungukiwa, akarudi, akauvuta, akaugeuza, akajaribu tena, mikono inachomwa na vijiti. Kulikuwa na mvulana mfupi wa miwani aliyesema kitu kuhusu kamba. Alimwambia ngoja. Akasema tena. Akamwambia ngoja. Filimbi ilipolia, watatu walikuwa ng'ambo, watano nyuma pamoja na majeruhi wao.

Sajini hakumfokea. Aliwakalisha duara chini ya mwaloni na kuwauliza maswali manne, ambayo nimekuja kujua ndiyo yanayoulizwa baada ya kila zoezi: tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini, na mara nyingine tutafanya nini tofauti? Kila mtu anajibu, na hakuna anayeruhusiwa kujibu kwa kumshambulia mwenzake. Mvulana wa miwani ilipomfikia, akasema taratibu kwamba kamba ingeweza kuunganisha mbao mbili zikawa ubao mmoja mrefu. Aliliona hilo tangu dakika ya kwanza.

Kisha sajini akamuuliza binti yangu swali lisilokuwemo katika yale manne. "Hawa saba, unawajua majina?"

Alijua ya watatu.

"Kikwazo kinachofuata wewe ndiye majeruhi. Umeumia mikono na taya. Majeruhi haongei."

Akalazwa kwenye machela, mikono ikafungwa kifuani kwa mkanda. Alinieleza sehemu hii akiwa amelala kweli sakafuni, macho kwenye taa ya jikoni. Ukiwa juu ya machela, alisema, huoni kinachofanyika. Unaona anga, unaona matawi, unaona videvu vya watu. Wanne walimbeba, na mkono mmoja upande wa mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka, aliusikia kupitia turubai. Mvulana wa miwani alikuwa begani kulia. Jasho lake lilidondoka likamwingia binti yangu jichoni, likawasha, na hakuweza kulifuta. Kwa sauti zao alijua kwamba wanataka kupitisha machela kabla hawajapima ubao. Alijua watakwama. Akauma ukosi wa fulana yake, akaushikilia kwa meno.

Walikwama. Machela ikainama, akateleza kidogo kuelekea miguuni, mtu akapiga kelele "shusha, shusha", wakamshusha. Wakanyamaza kidogo. Halafu msichana mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu Jumapili akauliza kama pipa linaweza kulazwa chini ya ubao. Likalazwa. Wakavuka na dakika mbili mkononi.

"Ulijisikiaje?" nikamuuliza.

Alifikiri sana. "Nilijisikia mzito," akasema. "Mama, mimi ni mzito. Sikuwahi kujua."

Niliinuka nikaenda kuosha maharage kwa sababu sikutaka aone uso wangu.

Baba yao ni dereva wa malori ya masafa, akiondoka ni wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mimi ninafanya zamu za usiku, ninatunza wazee. Nyumba yetu imeshikwa na huyu mtoto tangu ana miaka kumi. Yeye ndiye anayemwamsha mdogo wake, anayekagua daftari, anayejua siku ya takataka na tarehe ya bili ya umeme. Mtu wa ofisi fulani akinikatia simu kwa sababu ya lafudhi yangu, yeye ndiye anayepiga tena. Nimemsifu kwa hayo mbele ya wageni mara nyingi. Dada mkubwa, mama wa pili, jembe langu. Na kila nilipomsifu nilikuwa namwongezea ubao mwingine mkononi, na hakuna mahali katika nyumba hii ambapo aliwahi kulala chali akabebwa.

Nimesikia wazazi wakisema makambi haya yanawafundisha watoto kusimama wenyewe. Wangu alikuwa amesimama mwenyewe kupita kiasi. Sajini aliliona kwa saa moja, mimi ninayekaa naye sikuliona kwa miaka sita, na sidhani angeliona kwa kumpigisha kwata. Aliliona kwa sababu kambi ile imepangwa hivyo, leo wewe unaongoza, kesho unaongozwa na yuleyule uliyemwambia ngoja. Natamani JKT ya wajukuu zetu iwe na saa moja ya namna hiyo kila siku, chini ya mwembe.

Siku ya kufunga kambi tuliruhusiwa kwenda kutazama gwaride. Jirani yangu alikubali kuja nami. Alisimama karibu na gari, mkoba kifuani, akawatazama watoto wakipita kwa safu, wengine hatua zikiwapotea, na mmoja akatupungia mkono mahali ambapo hapapungwi. Aliuliza jambo moja tu: "Bunduki ziko wapi?" Nikamwambia kombania ile haikushika bunduki wiki nzima. Alitikisa kichwa polepole. Mwanawe yuko darasa la tisa huku na anataka kujiunga. Hajamsainia, na mimi sijamsihi. Aliyoyaona ameyaona.

Baba yao alirudi Ijumaa iliyofuata. Jioni ile nilikuwa najiandaa kwenda kazini, na kijana wangu wa miaka 13 akasema leo ugali atasonga yeye. Hajawahi. Dada yake alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na friji. Maji yakachemka, kijana akamwaga unga mwingi kwa mara moja, nikaona madonge yanapanda juu kabla hajashika mwiko. Nikamtazama binti yangu. Ukosi wa fulana ulikuwa mdomoni.

Kijana akasonga, akahema, akahamisha mwiko mkono wa pili. Akageuka.

"Dada, ni mgumu au bado?"

Akautoa ukosi kwenye meno. "Wewe unaonaje?"

Akachungulia sufuria, akaongeza maji kidogo, akaendelea kusonga.